Cherehani cha Nyumbani: Jinsi ya Kukichagua na Kukitunza

Mwezi wa Januari ukaribiapo, nyumba nyingi za Dodoma, Mpwapwa, Kongwa na Manyoni huhesabu fedha zao mara mbili. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2016 ada imeondolewa katika shule za serikali mpaka kidato cha nne, na tangu mwaka 2022 mpaka kidato cha sita; walakini sare ya mtoto ni juu ya mzazi. Tena Januari ni mwezi wa jembe: ghala limepungua, na mavuno yako mbali. Ndipo mume na mke huambiana, "Laiti tungekuwa na cherehani chetu!"

Neno hilo ni jema. Lakini cherehani chaweza kuivika nyumba, na chaweza pia kuitia katika deni. Kwa hiyo twapenda kusema jinsi ya kukichagua na kukitumia, ili fedha ya mbuzi au ya alizeti isipotee bure.

Kwanza tujue kazi yake. Sindano ya mkono ina tundu kichwani, bali ya cherehani ina tundu karibu na ncha. Uzi mmoja hutoka juu, mwingine hutoka katika bobini iliyo chini, nazo hufungamana katikati ya kitambaa. Elias Howe wa Marekani alipewa hati ya mashine ya namna hii mwaka 1846, na Isaac Singer alipewa ya kwake mwaka 1851. Mwaka 1856 kampuni ya Singer ilianza kuuza kwa malipo ya kidogo kidogo. Desturi hiyo iliingiza vyerehani katika nyumba za watu wasio matajiri. Tena iliwazoeza wengi kuchukua kitu leo na kukilipa kesho.

Basi vyerehani ni vya namna tatu: cha mkono, cha mguu, na cha umeme. Cha mkono ni chepesi kuchukua, lakini mkono mmoja huzungusha gurudumu, na mmoja tu hubaki kuongoza kitambaa. Cha umeme ni chepesi cha kazi, lakini umeme ukikatika kazi husimama; tena vingine vya bei ndogo vina magurudumu ya plastiki ndani, ambayo hayavumilii kaki nzito. Kwa nyumba nyingi za kwetu twaona cha mguu chenye kichwa cha chuma ndicho kifaacho. Hakina maua mengi ya kushona, lakini hushona mshono ulionyoka, na sare haihitaji zaidi ya huo, ila matundu ya vifungo, ambayo yaweza kushonwa kwa mkono. Umeme ukifika nyumbani, vingi vya namna hii vyaweza kufungwa mota.

Mtu asiogope kilichotumika, bali akichunguze. Aende na fundi, naye achukue kipande cha kaki na kipande cha kitenge. Azungushe gurudumu polepole kwa mkono: likikwama au likigonga, kuna kasoro. Atazame meno yanayosukuma kitambaa, kama yamelika. Akunje kaki mara nne na kuishona. Mwisho aulize: bobini na kikopo chake vinauzwa wapi, na ni nani awezaye kukitengeneza? Tumeona cherehani kizuri kimefunikwa kitambaa mwaka mzima kwa kukosa kikopo kidogo cha bobini. Mashine isiyo na vipuri sokoni si rahisi, hata ikiuzwa kwa bei ya kuku.

Katika kujifunza, mtu aanze bila uzi, akifuata mistari iliyochorwa juu ya karatasi, mpaka mguu uzoee na gurudumu lisirudi nyuma. Maana likirudi nyuma uzi hukatika. Sindano ya namba 14 yafaa kwa shati na kitenge, ya 16 kwa kaki, ya 18 kwa turubai. Mfereji mrefu wa sindano uelekee upande ambao uzi unaingilia. Uzi wa juu ukilala umenyooka juu ya kitambaa, umekazwa mno: ulegezwe. Uzi wa chini ukilala umenyooka upande wa chini, basi wa juu umelegea: ukazwe. Sindano iliyopinda au butu itupwe. Bei yake ni ndogo kuliko ya kitambaa kilichoharibika.

Kitambaa cha pamba kilowekwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, kisije kikaruka baada ya kufuliwa. Na sare ya mtoto iachiwe pindo pana, ili mwaka ujao lifumuliwe na kushushwa.

Hapa kwetu adui mkubwa wa cherehani ni vumbi. Miezi ya kiangazi upepo huvuma, na vumbi likichanganyika na mafuta hula chuma kama tupa. Basi kifunikwe kila jioni, nyuzi na vumbi zitolewe kwa brashi penye meno na bobini, kisha yatiwe matone machache ya mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia yasitiwe kamwe, maana hugeuka gundi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Sasa habari ya fedha. Wakati wa kununua ni baada ya mavuno, wala si Januari. Asiyeweza peke yake na ajiunge na wenzake. Sheria ya fedha za serikali za mitaa, kama ilivyorekebishwa mwaka 2018, inaziagiza halmashauri kutenga sehemu 10 katika 100 za mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa wenye ulemavu. Walakini mkopo usio na riba ni deni vilevile. Kabla ya kutia sahihi, wenye nyumba waandike katika daftari: kitambaa, uzi, vifungo, nauli, kisha waone ni nguo ngapi zitalipa mashine. Na jirani achukuaye nguo kwa ahadi aandikwe pia, maana ahadi hainunui uzi.

Ninyi waalimu, mnaweza kusaidia sana. Wafundisheni wavulana na wasichana pamoja, kwa maana mafundi wengi wa barazani ni wanaume. Mwenye kutaka kuendelea aulize katika chuo cha VETA, ambacho ushonaji ni mojawapo ya mafunzo yake.

Basi, wapenzi, msikimbilie king'aacho. Chagueni kile ambacho mguu wenu utakiendesha, fundi wenu atakitengeneza, na mfuko wenu utakilipa. Hicho ndicho cherehani cha bei nafuu.