Kiwiko Kinachouma Mezani Kimeumizwa Kwingine

Mtu anayecheza biliadi jioni akahisi kiwiko kikiwaka kila anaposukuma fimbo hulaumu mchezo. Katika miji midogo ya madini ya Masisi na Walikale, huko Kivu Kaskazini, lawama hiyo mara nyingi inaangukia asiyehusika. Fimbo ya biliadi ina uzito wa zaidi kidogo ya nusu kilo. Mpira wake haufiki gramu 200. Mchezaji hupiga mara chache, kisha husimama pembeni akingoja mwenzake akosee. Lakini mkono huohuo umetoka kupiga nyundo juu ya tindo tangu alfajiri, au kusukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, au kukamua ng'ombe mmoja baada ya mwingine. Mchezo unafichua kilichokwisha kuharibika. Ndiyo maana anayeacha biliadi kwa mwezi mzima huku akiendelea kushika nyundo vilevile hashangai peke yake maumivu yanapobaki palepale. Na muuguzi wake hushangaa.

Sehemu yenyewe ni nundu ndogo ya mfupa upande wa nje wa kiwiko. Hapo ndipo zinapojishikiza kano za misuli ya kigasha, yaani sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo. Misuli hiyo kazi yake ni kuinua kiganja kwenda juu. Sasa mbona mtu anayebana kitu kwa vidole aumie kwenye misuli ya kuinua kiganja? Jaribu hivi: kunja kiganja kwa ndani mpaka kifike mwisho, kisha fumba ngumi kwa nguvu zako zote. Ngumi inakuwa dhaifu. Ili vidole vibane sawasawa, misuli ya upande wa nyuma wa kigasha lazima ivute wakati huohuo na kukizuia kifundo kisijikunje. Kwa hiyo kila unapobana mpini, bidoni la maji, nguo unayoikamua au fimbo ya biliadi, kano zile za kiwiko zinafanya kazi hata kama huoni chochote kikisogea.

Ukitaka kujua kama maumivu yako ni haya, nyoosha mkono mbele, kiganja kikitazama chini. Inua kiganja huku mkono wa pili ukikisukuma kirudi chini. Kama nundu ile ya nje inauma, umeshapata dalili nzuri. Kunyanyua kiti kwa mkono mmoja ulionyooka, ukikishika kwa juu, huleta maumivu hayohayo. Wengine huyahisi wakimimina maji kutoka kwenye birika au wakimpa mtu mkono.

Tiba ya Ulaya imeyajua maumivu haya kwa muda mrefu. Daktari Mjerumani aitwaye Runge aliyaeleza mwaka 1873 kwa watu waliokuwa wakiandika sana. Mwaka 1882 Henry Morris, Mwingereza, aliyahusisha na tenisi ya nyasi katika jarida la Lancet, na tangu hapo mchezo ndio unaotajwa ilhali wagonjwa wengi hawajawahi kushika raketi. Huko kwenye nchi zilizohesabu, mtu 1 hadi 3 kati ya watu wazima 100 huwa nayo kwa mwaka, hasa wenye umri wa miaka 35 hadi 55. Kazi inayochanganya nguvu, kurudiarudia na kifundo kilichopinda ndiyo inayoongeza hatari kuliko kitu kingine.

Kazi za aina hiyo Walikale hazihitaji kutafutwa. Mlima wa Bisie ulianza kuchimbwa kasiteriti mwaka 2002, na kwa miaka mingi maelfu ya watu waliingia kwenye mashimo yake wakiwa na nyundo, tindo na mtaimbo. Jiwe lilivunjwa kwa mikono. Mizigo ya kilo 50 ilibebwa msituni kwa miguu, safari ya siku mbili hivi, hadi barabarani Njingala. Mgodi mkubwa wa mashine ulianza kuzalisha hapo Bisie mwaka 2019, lakini katika wilaya hiyo, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote Kivu Kaskazini, uchimbaji wa mikono haujakoma. Upande wa Masisi, vilima vya Rubaya vina koltani. Udongo wake ni laini kuliko mwamba wa Bisie, kwa hiyo sururu na koleo hutawala, pamoja na kuosha mchanga kwa maji muda mrefu mgongo ukiwa umeinama. Tangu waasi wa M23 waishike Rubaya mwishoni mwa Aprili 2024 mabwana wa mgodi wamebadilika. Sururu ni ileile.

Wanawake wanasahauliwa mno katika habari hii, labda kwa sababu hawaonekani mezani jioni. Kutwanga sombe kwenye kinu, kulima kwa jembe la mkono kwenye miteremko ya Masisi, kukamua nguo nzito mtoni, kunyanyua bidoni la lita 20 na kulipandisha mgongoni: kila kimoja kinabana kigasha, na mwanamke mmoja hufanya vyote kabla jua halijazama. Akienda kituo cha afya akasema mkono unamuuma, mara nyingi anaambiwa ni uchovu. Uchovu hupona kwa usingizi wa usiku mmoja. Ukano ulioharibika haulali ukaamka mzima.

Kwa miaka mingi madaktari waliamini kwamba ukano huo umevimba kwa ndani, na wakatoa dawa za kupunguza uvimbe. Mwaka 1979 Wamarekani wawili, Robert Nirschl na Frank Pettrone, walichapisha walichokiona kwenye kano zilizokatwa wakati wa upasuaji. Hawakukuta seli nyingi za uvimbe. Walikuta nyuzi zilizopoteza mpangilio wake, na mishipa midogo ya damu iliyoota mahali isipotakiwa. Ukano kama huo unafanana na kamba ya mkonge iliyosuguliwa mahali pamoja kila siku: nyuzi zimefumuka, na kila mvuto unaangukia zile chache zilizobaki. Tofauti ni kwamba ukano uko hai. Unaweza kujijenga, ila hujijenga polepole, kwa miezi, na kwa kuvutwa kwa kiasi.

Hapa ndipo penye jambo linaloniumiza zaidi. Mgonjwa akifika famasi ya kijijini, njia fupi ni sindano: diklofenaki matakoni, au deksamethasoni, au zote mbili. Siku ya pili anajisikia mpya, anarudi shimoni, anapiga nyundo kwa nguvu kuliko juzi. Maumivu yaliyokuwa yakimzuia yamenyamazishwa, na ukano umebaki vilevile ulivyokuwa.

Hata sindano ya steroidi inayochomwa na daktari penyewe kwenye kiwiko imepimwa vizuri, na matokeo yake yanapaswa kubandikwa ukutani kwenye kila kituo cha afya. Mwaka 2002 watafiti wa Uholanzi waliwagawa wagonjwa 185 katika makundi matatu: sindano, mazoezi ya tiba, na kusubiri tu huku wakipewa ushauri. Baada ya wiki 6, asilimia 92 ya waliochomwa walikuwa wameendelea vizuri, na makundi mengine mawili yalikuwa mbali nyuma. Mtu angeishia hapo angesema sindano imeshinda. Baada ya wiki 52 hesabu iligeuka: sindano asilimia 69, waliosubiri 83, waliofanya mazoezi 91. Yaani waliochomwa sindano walikuwa na hali mbaya kuliko wale ambao karibu hawakutibiwa kwa chochote. Huko Australia, utafiti wa mwaka 2006 wenye watu 198 ulikuta hivyohivyo: kati ya waliopona haraka kwa sindano, asilimia 72 maumivu yaliwarudia. Utafiti mwingine wa Australia wa mwaka 2013, watu 165, ulilinganisha sindano ya steroidi na sindano isiyo na dawa. Baada ya mwaka, isiyo na dawa ndiyo iliyokuwa bora.

Deksamethasoni ya mara kwa mara ina hatari nyingine mbali na kiwiko. Hupandisha sukari, hushusha kinga, na inaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala. Vidonge vya indometasini na ibuprofeni vikimezwa tumbo likiwa tupu kwa wiki nyingi vinaweza kutoboa tumbo. Paracetamol, isiyozidi gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima, inatosha kwa siku zile mbaya. Na kuchanjwa chale kwenye kiwiko kwa wembe uliotumiwa na mwingine ni kununua homa ya ini aina ya B, UKIMWI au pepopunda kwa ajili ya ugonjwa ambao kwa kawaida huisha wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili.

Kusubiri mwaka, hata hivyo, si shauri la kumpa mtu anayelipwa kwa kilo alizotoa shimoni. Asipochimba, watoto hawali. Shauri la kupumzika kabisa halimfai, na kwa bahati si shauri zuri hata kwa anayeweza kulifuata, kwa sababu ukano usiovutwa kabisa hudhoofika. Kinachofaa ni kupunguza mzigo mbaya na kuongeza mzigo mzuri.

Mzigo mbaya hupungua kwa mambo madogo. Mpini mwembamba hulazimisha kubana sana. Uuviringishe vipande vya mpira wa ndani wa tairi mpaka ujaze kiganja, na mtikisiko pia utapungua. Tindo butu hudai mapigo mengi, basi inolewe kila siku. Wachimbaji hufanya kazi kwa timu: mwenye kiwiko kibovu achukue zamu ya kuosha au kuchambua, ampe mwingine nyundo kwa wiki chache. Bidoni, mfuko na sufuria vinyanyuliwe viganja vikitazama juu na viwiko vikiwa vimekunjwa karibu na mbavu, kwa sababu hapo kazi huhamia kwenye misuli minene ya mbele ya mkono. Ukifunga kitambaa kigumu kwenye kigasha, upana wa vidole viwili chini ya kiwiko, kinaweza kupunguza maumivu wakati wa kazi. Kifunguliwe usiku.

Mzigo mzuri unahitaji chupa ya maji ya nusu lita, ambayo ni nusu kilo kamili. Kaa, laza kigasha mezani au juu ya paja, kiganja kikining'inia nje na kutazama chini. Katika wiki mbili za kwanza, shika chupa kiganja kikiwa kimenyooka tu, bila kukisogeza, kwa sekunde 30 hadi 45. Pumzika, rudia mara 5. Maumivu yakitulia, anza kukishusha kiganja polepole ukihesabu hadi 4, kisha kirudishe juu ukisaidiwa na mkono wa pili. Fanya mara 15, pumzika, hadi mizunguko 3, mara moja kwa siku. Nusu lita ikiwa rahisi, chukua chupa ya lita moja. Maumivu madogo wakati wa zoezi yanakubalika. Kipimo ni asubuhi inayofuata: ukiamka na maumivu makali kuliko jana, jana ulizidisha, punguza. Hesabu miezi mitatu, wala usikate tamaa mwezi wa kwanza, ambao ndio mgumu. Hospitali kuu za Masisi na Walikale zinapofikika, na hasa kituo cha Shirika la Umoja kilichoko Goma, ambacho kimewahudumia watu wenye ulemavu kwa miaka mingi, mtaalamu wa mazoezi wa huko, yule watu humwita kine, anaweza kukuonyesha zoezi hili kwa dakika kumi. Vita vimezifanya safari hizo kuwa ngumu, na ndiyo sababu nimelieleza lote hapa.

Biliadi yenyewe haihitaji kuachwa. Shika fimbo kwa wepesi, vidole viizunguke bila kuifinya. Wengi huibana sekunde ileile ya kupiga, na hapo ndipo kiwiko kinapolia. Bega litulie, kigasha kibembee na kiwe wima fimbo inapogusa mpira, kifundo kisipinde kwenda juu. Pigo la kufungulia mchezo, lile la nguvu, mwachie mwenzako kwa muda. Kama unaouma ni mkono wa mbele, ule unaoegemea meza, chanzo kwa kawaida ni uzito wa mwili unaolaliwa kwenye kifundo. Rudisha uzito miguuni.

Yako maumivu ya mkono ambayo hayahusiani na haya yote, na hayasubiri miezi mitatu. Ganzi kwenye kidole cha mwisho na nusu ya kile cha pete, au vidole vinavyoangusha vitu, ni neva inayobanwa kiwikoni au shingoni. Kiungo kilichovimba na kuwaka moto, mgonjwa akiwa na homa, kinaweza kuwa na usaha ndani, na kila saa inayopita inakiharibu. Mtoto au kijana anayepatwa na maumivu makali ya mifupa yanayokuja na kuondoka apimwe selimundu. Kongo ni miongoni mwa nchi ambako watoto wengi zaidi duniani huzaliwa nayo, na wako wanaokua wakiambiwa wamerogwa. Na mtu mzima ambaye mkono wake wa kushoto unauma akipanda mlima, kifua kikabana na jasho baridi likamtoka, anahitaji daktari wa moyo siku hiyohiyo, hata kama jana yake alikuwa mezani akicheza.