Likelemba, AVEC na mutueli: kwa nini watu wanajiunga katika vikundi?

Mwisho wa mwezi wa kwanza mwaka wa 2025, M23 ilipoingia Goma, banki za mji zilifunga milango. Mwenye makuta kwenye konti alibaki na namba ya konti tu, bila noti mkononi. Aliyekuwa na wenzake wa likelemba, wa kwaya ama wa avenue alijua mlango wa kubisha hodi. Asiye na kikundi alibaki na jirani na Mungu.

Watu wa Kivu, Ituri, Maniema ao Tanganyika hawajiungi katika vikundi juu ya kupenda mikutano. Wanajiunga sababu shida nyingi za hapa kwetu zinashinda mfuko wa mtu mmoja: ugonjwa, matanga, masomo ya watoto, kukimbia vita. Lakini nguvu ileile inayomwokoa mtu inaweza pia kumpoteza. Ndiyo maana ni vizuri kuelewa vikundi vinafanya kazi namna gani.

Umati na kikundi

Watu elfu wanaosukumana kwenye soko la Kadutu, Bukavu, si kikundi. Kila mmoja amekuja kwa lake. Watu wanakuwa kikundi pale wanapojuana, wanapotafuta kitu kimoja, na wanapokubaliana sheria: nani anatoa nini, siku gani, na asiyetoa anafanywa nini.

Kuna vikundi mtu anazaliwa ndani yake: familia, ukoo, kabila. Kuna vile anavyochagua mwenyewe: kwaya, timu ya mpira, chama cha wamotari, likelemba. Na kuna vile vinavyozaliwa na mahali ao shida: wakaaji wa avenue moja wanaochimba mfereji kabla ya mvua, ao waliokimbia vita na kujikuta majirani kambini.

Hesabu ya likelemba

Tuchukue mfano. Mama kumi wa soko wanakubaliana kutoa franka 10 000 kila siku ya posho. Zote, franka 100 000, zinapewa mama mmoja. Juma linalofuata zinaenda kwa mwingine. Kisha majuma kumi, kila mmoja amepata mara moja.

Ukihesabu vizuri, hakuna hata franka moja iliyoongezeka. Kila mama amepata kile alichotoa. Sasa faida iko wapi?

Kwanza, franka 10 000 zikibaki nyumbani zinakwisha kabla ya juma la pili: leo sabuni, kesho dawa ya mtoto. Katika likelemba zinalindwa na haya ya kukosa kutoa mbele ya wenzako. Pili, franka 100 000 za mara moja zinaweza kuongeza bidhaa mezani, na 10 000 haziwezi. Tatu, anayepata wa kwanza amekopeshwa na wenzake tisa, bila faida na bila karatasi.

Hapo pia ndipo hatari ilipo. Aliyekula wa kwanza akipotea, wa mwisho ndiye analia. Kwa hiyo likelemba haimkubali mtu yeyote tu. Wanaangalia anakaa wapi, anauza wapi, nani anamjua.

Sanduku lenye kufuli tatu

AVEC, yaani vyama vya kijiji vya kuweka na kukopa, vilitoka mbali. Shirika la CARE lilianzisha namna hiyo na wanawake wa Niger mwaka wa 1991, kisha ikaenea Afrika nzima. Mara nyingi wanachama ni kati ya 15 na 25. Kwenye kila mkutano wananunua sehemu, makuta yanahesabiwa mbele ya wote, na anayehitaji anakopa na kurudisha na faida kidogo. Kuna pia mfuko wa pembeni wa kusaidiana, kwa ugonjwa ao matanga. Kisha karibu mwaka mmoja wanagawana yote, kila mtu kulingana na sehemu zake, na wanaanza upya.

Sanduku lina kufuli tatu. Funguo ziko kwa watu watatu, na sanduku linatunzwa na mwingine. Hakuna anayeweza kulifungua peke yake, na kama makuta yamepunguka hakuna anayeshukiwa bure.

Lakini vita haijali kufuli. Sanduku linaweza kuporwa, na wanachama kutawanyika. Mahali ambapo usalama ni mdogo, ni afadhali kutoweka makuta mengi pamoja, kugawana mapema, na kila mwanachama kushika karine yake mwenyewe.

Kikundi kinapogeuka ukuta

Mutueli za kabila nazo zilizaliwa na shida ya kweli. Mtu aliyetoka kijijini na kufika mjini alihitaji watu wa lugha yake wa kumpokea, kumtafutia kazi, na siku ya kufa, kumzika kwa heshima.

Tarehe 24 mwezi wa ine 1990, Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Wanasiasa walianza kutafuta watu wa kuwaunga mkono, na njia ya karibu ilikuwa kabila. Mutueli nyingi zikaingia katika siasa. Mwezi wa tatu 1993, mauaji yalianza kwenye soko la Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi na Rutshuru. Sababu zilikuwa nyingi: ardhi, uraia, uongozi wa kimila. Lakini watu waliokuwa wanauziana na kuoana walijikuta wamepangwa huku na kule, kila mmoja upande wake.

Kila kikundi kinasema nani ni wetu, na kwa kusema hivyo kinasema pia nani si wetu. Hilo peke yake si kosa. Hata kwaya ina wanachama na wasio wanachama. Kosa linaanza pale mtu anapobaki na kikundi kimoja tu. Habari zote za watu wa upande mwingine zinamfikia kupitia wenzake, na uvumi hauna wa kuupinga. Aliye katika kikundi cha ukoo, lakini pia katika likelemba ya soko na timu ya mpira pamoja na watu wa makabila mengine, akisikia uvumi ana mtu wa kumpigia simu na kumuuliza: ni kweli?

Kabla ya kuingia

Likelemba ndogo inaishi kwa kujuana. Chama kikubwa kinahitaji zaidi: sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 mwezi wa saba 2001 ndiyo inayoongoza vyama visivyotafuta faida nchini Kongo. Lakini kwa kikundi chochote, uliza maswali mane. Makuta yanahesabiwa mbele ya nani? Kiongozi anabadilishwa namna gani? Unaweza kutoka bila kutishwa? Na jirani yako wa kabila lingine, anaweza kuingia?

Wazee wanasema kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini kabla ya kuunganisha vidole, ujue vinaenda kuvunja nini.