Kikombe kikivunjika, mtoto aseme bila hofu

Kishindo kinasikika jikoni, kisha kimya. Ukifika, vipande vya kikombe cha wageni vimefichwa nyuma ya ndoo, na mtoto anasema ni paka. Wazazi wengi hapa Mpanda tunaijua hali hii. Mtoto hakuanza na uongo, alianza na hofu ya fimbo.

Wajapani wana ufundi unaoweza kutusaidia. Unaitwa kintsugi, yaani kuunga kwa dhahabu. Fundi huunganisha vyombo vilivyovunjika kwa utomvu wa mti uitwao urushi, huuacha ukauke kwa siku nyingi, kisha hupaka unga wa dhahabu juu ya ufa. Bakuli moja huweza kuchukua wiki kadhaa hadi miezi. Ufa haufichwi, ndio unaong'aa.

Sisi nasi hatukuwa watu wa kutupa tu. Kwa wafugaji wa Afrika Mashariki, kibuyu kilichopasuka kimekuwa kikishonwa na kurudishwa kazini, mshono ukionekana wazi.

Jumamosi hii jaribuni pamoja. Vipande vikusanye wewe mzazi, maana vina makali. Vioshe na uvikaushe. Nunua gundi ya epoksi ya mirija miwili kwenye duka la vifaa vya ujenzi, uichanganye kama maelekezo yanavyosema. Vaa glavu na ukae penye hewa. Kazi ya mtoto ni kukuonyesha kipande kipi kinakaa wapi. Kesho yake, gundi ikishakauka, mpe brashi apitishe rangi ya dhahabu juu ya ufa.

Msitumie unga wa dhahabu kutoka machimbo yetu ya Katavi. Unaweza kuwa na zebaki, ambayo ni sumu. Kikombe hicho pia kisitumike tena kwa chai, kiwe cha kuwekea kalamu.

Mkisubiri gundi ishike, muulize ilikuwaje, umsikilize mpaka mwisho. Kosa bado ni kosa, na kusaidia kutengeneza ndiyo adhabu yake. Lakini mtoto aliyezoea kukueleza kikombe kilivunjikaje, kesho ataweza kukueleza makubwa zaidi: hela ya daftari imepotea, au kuna mtu mzima amemshika vibaya njiani akitoka shule.

Kikombe kingine utanunua sokoni. Siku ya jambo kama hilo, unataka mwanao aje kwako kwanza.