Kupata Kazi ni Hatua Moja, Kudumu Kazini ni Nyingine



Kila tunapofanya mahafali ya vijana wetu wa ufundi, furaha huwa kubwa. Vyeti vinatolewa, picha zinapigwa, na taarifa inatumwa kwa wahisani ikionyesha idadi ya wahitimu. Kwa miaka mingi tuliona kuwa kazi yetu inaishia hapo. Katika toleo hili tunapenda kueleza kwa nini tumebadili mawazo.

Kijana mmoja aliyehitimu uchomeleaji wa vyuma alipata kazi katika karakana mjini Iringa. Alikuwa miongoni mwa wanafunzi bora, lakini kabla ya mwezi kwisha alikuwa amerudi kijijini. Tulipomtembelea mwajiri, alisema hana lawama juu ya ufundi wake. Tatizo lilikuwa kuchelewa. Kijana naye alitueleza kuwa alipanga chumba mbali na mji, mshahara ulikuwa wa mwisho wa mwezi, na nauli ya daladala ilimwishia wiki ya pili. Akawa anatembea kwa miguu, anafika amechelewa na amechoka, na anaona aibu kueleza. Katika taarifa yetu ya mwaka ule alihesabiwa kuwa mhitimu aliyepata ajira.

Kuajirika ni nini?

Shirika la Kazi Duniani (ILO), katika Pendekezo Na. 195 la mwaka 2004, halikuishia kwenye kupata kazi. Linaeleza kuajirika kuwa ni ujuzi na sifa zinazomwezesha mtu kutumia nafasi za elimu na mafunzo ili apate kazi yenye staha, adumu nayo, apande ngazi, na kumudu mabadiliko ya teknolojia na ya soko la ajira. Kwa uzoefu wetu, hili linahitaji mambo matatu:

1. Ujuzi unaothibitika. Wapo vijana waliojifunza useremala au ufundi magari mitaani bila kuingia darasani. VETA ina utaratibu wa kuwapima mafundi wa namna hii na kurasimisha ujuzi wao kwa cheti. Wengi katika sharika zetu hawaufahamu.

2. Mwenendo wa kazi. Kuwahi, kuomba ruhusa, kutoa taarifa unapougua, kukubali kusahihishwa na kutunza vifaa. Haya hayafundishwi kwa mahubiri. Hujengeka kwa mazoezi katika karakana halisi, chini ya fundi anayesimamia.

3. Mazingira yanayomshika mtu kazini. Nauli, chakula, mahali pa kulala, afya, na mtu wa kumwachia mtoto. Binti mmoja fundi cherehani asingedumu kazini kama akina mama wa usharika wasingepokezana kumlea mwanawe kwa muda, mpaka alipopata msichana wa kumsaidia.

Miezi sita ya mwanzo

Kipindi hiki ni kigumu hata kisheria. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004, kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haimhusu mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri huyo. Hata hivyo, zipo haki ambazo kijana anapaswa kuzijua tangu siku ya kwanza. Mwajiri anatakiwa kumpa kwa maandishi maelezo ya ajira yake, ikiwa ni pamoja na kazi atakayofanya, saa za kazi na malipo. Saa za kawaida, bila saa za ziada, hazizidi 45 kwa wiki. Akiondoka, anastahili kupewa cheti cha utumishi, ambacho kitamsaidia anapotafuta kazi nyingine.

Tunachoomba

Kwa kamati za sharika: kila kijana anayeanza kazi apewe mlezi mmoja, ikiwezekana mtu mwenye ajira au biashara, atakayezungumza naye kila wiki kwa miezi mitatu ya kwanza na kila mwezi hadi wa sita. Pia kamati itenge mfuko mdogo wa nauli na chakula hadi mshahara wa kwanza, urejeshwe kidogo kidogo ili umsaidie mwingine.

Kwa wahisani: tunashukuru kwa vyerehani na mashine za kuchomelea mlizotupatia. Tunaomba sasa mruhusu sehemu ya bajeti itumike kwa ufuatiliaji baada ya mahafali. Tunajua kuwa ufuatiliaji hauna picha nzuri ya kutuma. Lakini gharama ya kumfundisha kijana ni kubwa kuliko nauli yake ya mwezi mmoja, na tulimpoteza yule wa kwanza kwa kukosa hiyo nauli.

Nasi kwa upande wetu, taarifa zetu hazitaishia tena kwenye idadi ya vyeti. Tutaeleza pia ni wangapi bado wako kazini baada ya miezi sita, hata pale ambapo idadi hiyo haitatupendeza.