Mchubuko wa chumbani hautaki chumvi wala aibu

KUNA maumivu ambayo mtu huyasimulia mbele ya watu wote. Ukijikata kidole ukimenya viazi, jirani atakuletea kitambaa kabla hujamwita. Lakini kuna maumivu mengine ambayo mwanamke huenda nayo sokoni siku nzima huku akitabasamu, na mwanamume hukaa nayo kazini akijigeuzageuza kitini, wala hakuna anayejua. Haya ni maumivu ya mchubuko au mpasuko mdogo katika sehemu za siri baada ya tendo la ndoa.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Leo, msomaji, tuweke haya kando tulizungumze jambo hili kama watu wazima. Mara nyingi kinachowaumiza watu si jeraha lenyewe bali ni kile wanachofanya baadaye: kulificha, kulitia dawa kali na kurudia tendo kabla halijapona.

Chanzo chake

Ngozi ya sehemu hizo ni laini kama ile ya ndani ya mdomo. Ikiwa na unyevu wa kutosha huvutika bila shida, lakini ikiwa kavu huchubuka. Kwa mwanamke, mahali panapopasuka mara kwa mara ni ukingo wa chini wa mlango wa uke, upande ulio karibu na njia ya haja kubwa. Kwa mwanamume, ni ule utepe mwembamba wa ngozi ulio upande wa chini wa kichwa cha uume. Utepe huu ukikatika hutoa damu nyingi kuliko ukubwa wa jeraha, na wengi hushikwa na hofu bure.

Chanzo kikuu ni haraka. Mwanamke ambaye mwili wake haujawa tayari atachubuka hata kama ana watoto watano. Mama anayenyonyesha huwa mkavu kwa sababu homoni zake zimepungua, na ndivyo ilivyo kwa mwanamke aliyekoma hedhi. Mume asidhani kwamba mkewe amepunguza mapenzi; ni mwili tu. Wapo pia waliokeketwa, ambao kovu lao halivutiki kama ngozi ya kawaida. Kucha ndefu nazo huumiza, na watu wengine hudhuriwa na mpira wa kondomu za kawaida.

Wengine hujeruhiwa kwa kukosa subira. Tangu Kenya ilipoanzisha mpango wa tohara ya hiari kwa wanaume mnamo 2008, waliotahiriwa wamekuwa wakishauriwa kukaa wiki 6 bila kukutana na mwanamke. Kidonda huonekana kimefunga kwa juu mapema, lakini ndani bado ni kibichi. Muda kama huo ndio ambao mama aliyejifungua hushauriwa kupumzika, na aliyeshonwa huenda akahitaji zaidi.

Tiba ya nyumbani

Ukiona damu, usipige mayowe. Chukua kitambaa safi, ukikunje, kisha ukandamize mahali pale kwa dakika 10 bila kuchungulia. Kila unapofungua kutazama, damu iliyoanza kuganda hubanduka. Majeraha mengi madogo huacha kutoka damu kwa njia hiyo tu.

Kisha osha kwa maji safi ya vuguvugu. Maji peke yake yanatosha. Sabuni isiingie ndani ya uke wala isisugue kidonda. Kausha kwa kugusagusa kwa taulo laini.

Siku zifuatazo, weka maji ya vuguvugu katika karai safi, ukae humo kwa dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku. Karai hilo lisiwe lile la kuoshea nguo za mtoto au sufuria. Kama pamevimba, funga barafu ndani ya kitambaa na uweke juu kwa dakika 10. Barafu isiguse ngozi. Vaa chupi ya pamba isiyobana. Usiku unaweza kulala na leso tu. Dawa ya kawaida ya kutuliza maumivu kama vile Panadol inasaidia, mradi ufuate maagizo yaliyo kwenye pakiti.

Haja ndogo ikichoma, kunywa maji kwa wingi na ujimwagie maji ya vuguvugu unapokojoa. Usijizuie kukojoa kwa kuogopa uchungu, kwani mkojo ukikolea huchoma zaidi.

Zaidi ya yote, pumzika. Mchubuko mdogo hupona kwa siku chache, na mpasuko huweza kuchukua wiki moja au mbili. Kipimo si kalenda bali ni mwili: ukigusa na bado panauma, hapajapona. Hapa ndipo wake wengi hupotea. Hunyamaza na kuvumilia, wakiogopa kuonekana wanamnyima mume haki yake, na kidonda cha Jumamosi hufunguliwa upya Jumatatu. Mwambie mwenzako waziwazi, "Nimeumia, tungoje nipone." Na wewe mume, ukiambiwa hivyo usianze kuuliza uliza kama kuna mwingine. Jeraha la utepe wa uume nalo hufunguka vivyo hivyo ukilifanyia papara, kwa hiyo ushauri huu ni wa wote wawili.

Vitu vya kuepuka

Usitie Dettol, spiriti, chumvi, ndimu, siki, dawa ya meno, ugoro wala majivu. Watu hudhani kwamba dawa ikichoma ndiyo inafanya kazi. Sivyo. Inachoma kwa sababu inaunguza ngozi changa iliyoanza kuziba jeraha. Poda na manukato pia yakae mbali. Usimeze antibayotiki zilizobaki za jirani, wala usipake krimu ya ukurutu bila kuonwa na daktari.

Ushahidi kwamba vitu vikali hudhuru uko hapa hapa nyumbani. Matokeo ya utafiti uliofanywa Nairobi yalichapishwa mwaka 1992 kuhusu wanawake waliotumia sifongo zenye dawa ya kuua mbegu za kiume iitwayo nonoxynol-9. Ilitumainiwa kwamba dawa hiyo ingewakinga na virusi vya Ukimwi. Haikuwakinga, na waliozitumia walipata vidonda zaidi katika sehemu za siri. Ikiwa dawa iliyotengenezwa maabara iliweza kufanya hivyo, basi fikiria unga wa mitishamba ambao baadhi ya wanawake hujitia ili kukausha uke. Ukavu huo ndio huleta michubuko, na kila mchubuko ni mlango wa virusi na maradhi ya zinaa.

Dalili za hatari

Nenda hospitalini mara moja ikiwa damu inaendelea baada ya kukandamiza mara mbili, au ikiwa inalowesha pedi nzima kwa muda wa saa moja. Usingoje asubuhi pia ikiwa jeraha ni refu au lina kina, uvimbe unazidi kukua, tumbo la chini linauma sana, unasikia kizunguzungu, huwezi kukojoa, au una mimba. Mkojo au choo kikipitia ukeni, hilo ni jambo la daktari.

Kwa wanaume kuna dharura mbili. Ya kwanza ni kusikia mlio kama wa kijiti kinachovunjika, uume kulegea ghafla, kisha kuvimba na kugeuka rangi ya biringanya. Uume hauna mfupa, lakini ndani umepasuka na huenda ukahitaji upasuaji siku hiyo hiyo. Ya pili ni govi lililovutwa nyuma likakataa kurudi. Lisipotibiwa haraka hukaba kichwa cha uume na kuzuia damu kupita.

Baada ya siku mbili au tatu, usaha, harufu mbaya, homa au maumivu yanayozidi ni dalili kwamba vijidudu vimeingia. Tena si kila kidonda ni mchubuko. Malengelenge yaliyokusanyika pamoja, au kidonda kisichouma kilichotokea siku nyingi baadaye, vyahitaji kupimwa. Na mwanamke anayetoka damu kila baada ya tendo asijidanganye kwamba ni ukavu tu, kwani hiyo inaweza kuwa dalili ya saratani ya mlango wa kizazi. Nchini Kenya, wanawake wa kati ya miaka 25 na 49 wanashauriwa kupimwa saratani hiyo hata kama hawana dalili yoyote.

Kama hujui hali ya mwenzako kuhusu virusi vya Ukimwi na mmeumia, usikae nyumbani ukihesabu siku. Dawa za kuzuia maambukizi lazima zianzwe ndani ya saa 72, na humezwa kwa siku 28.

Kama ulilazimishwa

Jeraha la mtu aliyelazimishwa si la kutibiwa kwa karai. Nenda hospitalini kwanza. Si lazima uanzie kituo cha polisi. Ukiweza, usioge kabla ya kupimwa, na nguo ulizovaa zifunge ndani ya karatasi, si mfuko wa plastiki. Kuna dawa za kuzuia virusi, na tembe ya dharura ya kuzuia mimba, ambayo hufanya kazi vizuri zaidi ikimezwa mapema. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inampa aliyedhulumiwa haki ya kutibiwa bila malipo katika hospitali ya umma.

Mkishapona

Msirudi kwa pupa. Chukueni muda wa kuandaana, na pakiwa pakavu tumieni mafuta maalum ya majimaji yanayouzwa katika maduka ya dawa. Mafuta ya kupikia na Vaseline hudhoofisha mpira wa kondomu hadi ukapasuka, kwa hiyo visitumiwe pamoja. Kateni kucha. Maumivu yakianza, simameni.

Na ukifika zahanati, usizungukezunguke ukidai kwamba kichwa ndicho kinachouma. Mwambie daktari au nesi tangu mwanzo ulichoumia na kilivyotokea. Ukiona haya kumweleza wa kiume, omba wa kike, au kinyume chake. Ameshawaona wengi wenye shida kama yako, na atakayokwambia huenda yakawa ni maji safi na mapumziko tu.