Ngoma Ikilia, Tuwafuate

Jumapili moja wakati wa matoleo, geuka kidogo utazame nyuma ya kanisa. Ngoma zimelia, mama wanashuka kwa mstari, vitunga kichwani: maharagi, ndizi, muhogo. Karibu na mlango amesimama kijana wa miaka kumi na tano hivi. Kusoma hajui, kuhesabu franka sokoni hajui, na maneno yake yanatoka nusu nusu. Lakini mwili wake umesikia ngoma mbele ya mwili wako. Mabega yanaenda, miguu inaenda, uso wote unacheka. Halafu mtu mmoja anamshika mkono na kumrudisha kwenye benchi: "Weye, kaa chini! Usituharibishie misa."

Umekwisha kuona jambo hilo? Bila shaka, hapa Kadutu, Bagira na Ibanda, ao kule Kamituga na Walungu. Pengine weye mwenyewe ndiwe uliyemshika mkono, na ulifikiri unafanya vema.

Leo tunakuomba jambo gumu kidogo. Siku nyingine usimrudishe nyuma. Simama nyuma yake, umfuate.

NI NANI TUNAYEMSEMA?

Tunasema juu ya mtoto ao mtu mzima ambaye akili yake inajifunza polepole. Alizaliwa hivyo, ao aliharibika angali mdogo. Anachukua muda mrefu kujifunza kusema, kuvaa, kuhesabu, na mambo mengine hatayajua kamwe. Watu wanamwita zoba, mjinga, kichaa. Majina hayo yote ni ya uongo.

Yeye si mgonjwa wa kichwa. Ugonjwa wa kichwa ni jambo lingine: unaweza kumpata mtu aliyesoma sana, na una dawa zake. Hapa Bukavu wagonjwa wa namna hiyo wanatunzwa kwa SOSAME, kituo cha Mafrateri wa Karita. Lakini mtoto anayejifunza polepole hana dawa ya kumeza. Dawa yake ni watu wanaomfundisha bila kuchoka, na fasi ya kukaa kati ya wengine. Mafamilia ya mji wetu yanajua kituo cha Heri Kwetu, ambacho kimepokea watoto walemavu miaka mingi. Lakini kituo kimoja hakiwezi kuwa jamaa ya watoto wote. Jamaa ni sisi.

INATOKA WAPI?

Mama wengi wanauliza kwa machozi: "Nilikosea nini?" Mama, usijitese. Wakati mwingine mtoto anachelewa kutoka tumboni, anakosa hewa, ubongo unaumia. Wakati mwingine ni malaria iliyopanda kichwani, ao homa ya uti wa mgongo. Wengine wana trisomia 21. Tangu 1959 wachunguzi wa Paris walionyesha kwamba watoto hao wana kromosomu 47 pahali pa 46. Hakuna mtu aliyewaroga.

Kwetu Kivu kuna sababu nyingine iliyochunguzwa sana. Zamani wachunguzi wa Lwiro walishangaa kuona kwamba kaskazini mwa kisiwa cha Idjwi watu wengi walikuwa na rovu, ule uvimbe wa shingo, na watoto wengine walizaliwa na akili nzito na mwili mfupi. Kusini-magharibi mwa kisiwa hichohicho rovu lilikuwa haba. Iyodi ilikosekana pande zote mbili. Basi tofauti ilitoka wapi? Wachunguzi waliona kwamba muhogo ulikuwa na sehemu yake: ukiliwa sana bila kutayarishwa vizuri, sumu yake inauzuia mwili kutumia ile iyodi kidogo unayopata. Ndiyo maana tunasema: nunua chumvi yenye iyodi, loweka muhogo siku za kutosha, uanike vema. Mwenye mimba asikose chumvi hiyo.

Na ninyi mnaokaa kwenye machimbo ya dhahabu, sikilizeni neno moja zaidi. Zebaki, ile wachimbaji wanaita merkure, inadhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni. Mji wa Minamata, kule Japani, ulijifunza hayo kwa uchungu tangu 1956, na mapatano ya mataifa juu ya zebaki, ya 2013, yamechukua jina lake. Usichome dhahabu yenye zebaki jikoni. Mwenye mimba na watoto wasikae karibu na moshi ule hata kidogo.

WENGINE WALIFANYA NINI?

Sasa turudi kwa ngoma. Labda utasema: "Hayo ni mawazo mapya, hayawezekani." Kumbe yamefanyika zamani. London, Uingereza, kundi linaloitwa Amici lilianza 1980, na lingine, Corali, lilianza 1989. Ndani yao watu wenye akili inayojifunza polepole wanacheza pamoja na wengine. Hawaitwi kusudi wahurumiwe. Wao wenyewe wanatunga mchezo, wanauonyesha mbele ya watu, na watu wanalipa kuingia.

Karibu nasi, kule Addis Ababa, Ethiopia, vijana wa kundi la Adugna walijifunza kucheza pamoja na walemavu. Nairobi kuna kundi ambalo jina lake ni Kiswahili chetu: Pamoja. Na nani katika Kongo asiyekumbuka Staff Benda Bilili? Wanaume wa Kinshasa, miguu imekufa kwa sababu ya polio, wakiimba juu ya vigari vyao. Sahani yao ilitoka 2009, na 2010 filamu yao ilionyeshwa Cannes, Ufaransa. Jina lao la Kilingala linatuambia tutazame ng'ambo ya yale macho yanaona.

Lakini angalia tofauti. Wale wa Kinshasa walikuwa na miguu mibovu na vichwa vikali. Waliweza kusema na kujitetea wenyewe. Kijana wetu wa karibu na mlango hawezi kujitetea kwa maneno. Mwili wake ndio mdomo wake. Ukimkataza kucheza, umemfunga mdomo.

NA KANISANI?

Kuna Wakristo wanaoogopa kwamba mtoto huyu atavunja heshima ya sala. Mwaka 1968, huko Ufaransa, baba na mama wenye watoto wawili wa namna hiyo walitaka kwenda na wengine kuhiji Lourdes. Wakakataliwa: watoto wenu watasumbua. Uchungu wao ulizaa jambo kubwa. Pasaka ya 1971 watu kama 12,000 walifika Lourdes, na kati yao walemavu elfu nyingi, wakaimba na kucheza. Ndivyo chama cha Foi et Lumière kilivyoanza, na leo kiko katika nchi nyingi za dunia.

Sisi tuna sababu zaidi. Mwaka 1988 Roma ilikubali Misa ya majimbo ya Zaïre, nchi yetu wakati ule, na ndani yake kucheza ni sala. Basi kama kucheza ni sala, nani alitupa ruhusa ya kuchagua miguu inayosali?

MAANA YA KUTANGULIA

Wengi wanapenda watoto hawa kwa namna mbaya. Wanawavalisha nguo nzuri, wanawavuta mikono huku na huku mbele ya wageni, watu wanapiga makofi na kulia machozi, halafu basi. Huyo hakucheza. Alichezeshwa.

Kutangulia ni jambo lingine. Ni yeye anayefanya mwendo wa kwanza, na wengine wanaufanya nyuma yake sawasawa, hata kama ni mdogo, hata kama ni kutikisa kichwa tu. Ni yeye anayesema tuanze na tuache. Fikiri vizuri: mtoto huyu, toka asubuhi mpaka jioni, kila mtu anamwamuru. Lete maji, acha hiyo, nyamaza, toka hapa. Kwa dakika kumi watu ishirini wanamtazama yeye na kumngoja. Hata mgongo wake utauona unanyooka.

Na jambo hili si geni. Katika ngoma zetu, za Bashi, Barega, Bahavu ao Babembe, kuna mmoja anayetangulia na wengine wanaojibu. Tunabadilisha tu mtu wa mbele.

NAMNA YA KUANZA

Huna haja ya franka nyingi. Unahitaji uwanja wa parokia, ngoma moja, na watu kumi: nusu wenye ulemavu, nusu vijana wa Xaveri, wa Kizito-Anuarite ao wa korali. Fuata mambo haya.

1. Siku moja, saa moja, fasi moja. Mtoto huyu anashika usalama kwa mambo yanayorudi vilevile. Vita vilipoingia Bukavu mwezi wa Februari 2025, mafamilia mengi yalitawanyika. Mtoto asiyeelewa sababu ya kukimbia anateseka mara mbili. Jumamosi yenye ngoma ileile inamwambia kwamba dunia haijaisha.

2. Kaeni kwa mviringo. Kila mmoja aseme jina lake na kufanya mwendo mmoja. Wote wanarudia jina na mwendo. Asiyeweza kusema afanye mwendo tu.

3. Mchezo wa kioo. Wawili wanasimama uso kwa uso. Mwenye ulemavu anafanya, mwenzake anakuwa kioo chake. Usiharakishe kubadilisha. Kwanza mmoja azoee kufuatwa.

4. Usihesabu "moja, mbili, tatu". Hesabu inawapoteza. Tumia sauti wanayoijua. Kule Kamituga mama wanatwanga mawe ya dhahabu kutwa nzima, na watoto wanalala mgongoni wakisikia kinu. Mdundo wa kinu unaingia mwilini mbele ya hesabu yoyote. Mpeni mtoto mdundo huo, mtaona.

5. Jambo jipya moja tu kila juma. Yale ya zamani myarudie bila kuchoka. Akisahau, usicheke wala usikasirike. Anza tena.

6. Siku ya kuonyesha, yeye akae mbele, na vijana nyuma. Akisimama katikati ya mchezo, wote wasimame naye. Msimsukume.

MAMBO YA KUANGALIA

Watoto wengi wa trisomia 21 wana moyo dhaifu tangu kuzaliwa. Uliza mganga mbele ya kuwachosha. Na shingo yao inaweza kuwa legevu: wasipige samasoti, wala wasivutwe kichwa. Mwenye kifafa asiwe karibu na moto wa kukausha ngoma, wala pembeni ya ziwa. Akianguka, mlaze kwa ubavu, usimtie kitu mdomoni.

Na neno la mwisho, tulisikie wote: mtoto asibaki peke yake na mkubwa mmoja, hata kama mkubwa huyo ni mwalimu ao mtumishi wa kanisa. Kuna watu wabaya wanaomtafuta mtoto asiyeweza kusimulia. Milango iwe wazi, na mzazi aweze kuingia saa yoyote.

BABA, MAMA, USIMFICHE

Tunajua sababu gani mnamfunga ndani. Baba amekwenda shimoni, mama amekwenda kutwanga ao kuuza, na majirani wana midomo. Wengine wanasema ni mchawi. Msikubali. Sheria ya nchi yetu ya 10 Januari 2009 inakataza kumshitaki mtoto uchawi, na sheria ya 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu. Lakini sheria iko Kinshasa, na mlango uliofungwa uko nyumbani kwako. Ufunguo uko mfukoni mwako.

Ngoma haitamfundisha kusoma. Haitaondoa ulemavu wake, na mtu akikuahidi hivyo, anakudanganya. Lakini mtaa uliomfuata Jumamosi hautamtupia mawe Jumatatu. Watoto waliojifunza mwendo wake watamwita kwa jina lake. Na siku mama yake atakapokufa, jambo ambalo kila mzazi kama huyo analiwaza usiku, kutakuwa na watu ishirini wanaomjua.

Basi Jumapili ijayo, ngoma zikilia, tazama tena karibu na mlango. Usimwambie kitu. Nenda tu, usimame nyuma yake, na bega lake likienda, lako liende.

Maswali ya kuzungumza katika shirika:

1. Katika mtaa wetu kuna mtoto ao mtu mzima gani anayefungwa ndani? Nani atakwenda kumsalimia juma hili?
2. Tunamwita jina gani? Je, tunajua jina lake la kweli?
3. Vijana, mko tayari kumfuata mtu ambaye watu wanamcheka?