Injini ya Turbo Isichemshe

Petroli inapoungua ndani ya silinda, takriban theluthi moja tu ya nishati yake hugeuka kuwa mwendo. Theluthi nyingine hivi hutoka na moshi, na kiasi kinachokaribia hicho hubaki kwenye chuma cha injini, ambako lazima kiondolewe na maji, oili na hewa. Kwa hiyo injini iliyofungwa turbo kubwa, au iliyobadilishiwa programu ya kompyuta ili itoe nguvu maradufu, huzalisha joto karibu maradufu, ilhali rejeta ni ileile. Moshi unaoingia kwenye turbo huweza kupita nyuzijoto 900, na aloi ya aluminiamu ya silinda hedi huyeyuka hata kabla ya kufika nyuzijoto 660. Hedi hiyo husalimika kwa sababu kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini, haiachi kuzunguka.

Kulanti nayo haitakiwi kuchemka. Maji huchemka kwenye nyuzijoto 100 Dar es Salaam au Mombasa, lakini Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye 94 hivi. Kinachookoa hali ni mfuniko wa rejeta: springi yake hushikilia presha ya takriban bar 1 na kupandisha kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzijoto 120. Mpira wa mfuniko ukichoka, kinga hiyo yote hupotea. Ni kupoteza fedha kununua rejeta kubwa kabla ya kupima mfuniko. Glaikoli iliyomo ndani ya kulanti nayo hupandisha kiwango cha kuchemka, na dawa zilizochanganywa humo huzuia kutu. Maji ya kisima huacha chokaa kwenye vijia vyembamba vya rejeta. Ni kweli kwamba maji matupu hubeba joto vizuri zaidi, na baadhi ya magari ya mbio huyatumia pamoja na dawa ya kutu, lakini injini hizo hufunguliwa mara kwa mara. Gari la kila siku linahitaji kulanti halisi.

Jambo linaloharibu injini nyingi Afrika Mashariki ni kung'oa themostati. Gari likichemsha, fundi huitoa kwa imani kwamba maji yatapita kwa wingi zaidi. Katika injini nyingi za Kijapani, themostati hufanya kazi mbili: hufungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na wakati huohuo huziba njia ya mkato inayoyarudisha maji ndani ya injini. Ikiondolewa, njia ya mkato hubaki wazi, na sehemu ya maji ya moto huzunguka bila kupozwa. Asubuhi injini huchelewa kupata moto, kompyuta huendelea kumimina petroli nyingi, na kuta za silinda husagika. Themostati mbovu ibadilishwe kwa nyingine inayofunguka kwenye joto lililowekwa na mtengenezaji.

Baada ya maji ni hewa, nayo lazima ipite katikati ya mapezi ya rejeta badala ya kukwepa pembeni. Mapengo ya kandokando yazibwe, na feni iwe na kava lake. Kwenye Safari Rally ya Naivasha, vumbi laini kama unga huziba mapezi hayo, na hewa ya huko mwinukoni ni nyepesi, hivyo hubeba joto kidogo. Subaru Impreza ya turbo huweka intakula, yaani kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, juu ya injini, chini ya tundu la boneti. Mpangilio huo huiachia rejeta hewa yake, ila intakula hupata moto kwenye foleni. Anayeihamishia mbele ya rejeta hupata hewa baridi ya kuingia kwenye silinda, kisha rejeta hupokea hewa iliyokwishapashwa moto.

Oili ndiyo hupoza pistoni na beringi za turbo, sehemu ambazo maji hayafiki au hayatoshi. Injini inayokimbizwa kwa muda mrefu inahitaji kipoza oili. Hata upozaji mzuri hautoshi peke yake: mchanganyiko wa hewa wenye petroli pungufu, au petroli ya oktani ndogo kuliko inavyotakiwa, husababisha mlipuko usio wa wakati unaotoboa pistoni hata mshale wa joto ukiwa katikati.

Mshale ukipanda, kiyoyozi kizimwe, hita ifunguliwe yote, na gari lisimamishwe mahali salama. Mfuniko usiguswe hadi rejeta ipoe. Mshale unaoshuka ghafla baada ya kupanda si nafuu: huenda maji yamekwisha na kihisi kinapima hewa. Hapo injini izimwe mara moja. Hedi iliyopata joto kupita kiasi hupinda na gasketi huungua, na dakika chache za kuendelea kuendesha hutosha kufanya mpira wa maji uliopasuka uishie kwenye ununuzi wa injini nyingine.